Majiko mawili, skrini moja

Swali: Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Mombasa, dada yangu yuko Maskati. Mwezi uliopita tulipika mahamri na mbaazi pamoja, kila mtu jikoni kwake, huku tunaongea kwa simu iliyowekwa spika. Kila mmoja alijirekodi kwa simu ya pili, ameilaza. Nataka iwe video moja, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Nahariri kwa programu ya DaVinci Resolve ya bure. Nikiweka klipu zote mbili, moja inaifunika nyingine. Nikizipunguza, nabaki na visanduku viwili vidogo na weusi juu na chini. Na hata hapo, tukifika dakika ya kumi, mimi nacheka na yeye bado hajamaliza kusema kichekesho chake. Nakosea wapi?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mambo uliyoyataja ni matatu na kila moja lina chanzo chake: klipu kufunikana, weusi wa juu na chini, na kicheko kuwahi. Wengi wanaoniuliza kuhusu kugawa skrini huulizia visanduku tu. Visanduku ni kazi ya dakika tano. Kinachoifanya video ya watu wawili ipendeze au ichoshe ni wakati, yaani kama yanayoonekana kushoto na yanayoonekana kulia yametokea pamoja kweli. Kwa hiyo naanza na kicheko chenu, visanduku vitafuata.

Kwanza mafaili yenyewe. Dada alikutumiaje video yake? Kama aliituma WhatsApp kama video ya kawaida, ulichopokea kimeshabanwa na nusu ya ubora imebaki njiani. Mwombe aitume tena akiiambatisha kama dokumenti, au aipandishe Google Drive akupe kiungo. Picha iliyobanwa ukiitazama peke yake unaweza kuivumilia. Ukiiweka bega kwa bega na picha ya asili, jicho linapata cha kulinganisha palepale, na jiko la Maskati litaonekana kama limefunikwa na moshi.

Pili, mwendo wa fremu, yaani simu inapiga picha ngapi kila sekunde. Simu ikiambiwa irekodi fremu 30 kwa sekunde, hutoa 30 pakiwa na mwanga wa kutosha. Mwanga ukipungua, au simu ikipata joto karibu na karai la mafuta, mwendo hushuka kidogo, kisha ukapanda tena, na wewe huoni chochote. Sauti haishuki. Programu ya kuhariri inataka mwendo usiobadilika, na isipoupata, picha na sauti huanza kuachana taratibu. Mwanzoni hakuna anayejua. Kufikia dakika ya kumi kila mtu anaona. Hata tofauti ndogo mno inatosha: faili la fremu 30 likisomwa kana kwamba ni la 29.97, baada ya dakika kumi limepishana kwa sekunde 0.6, yaani fremu 18. Fremu 18 ni muda wa mtu kusema kichekesho na mwenzake kuanza kucheka.

Dawa yake ni kuzipitisha klipu zote mbili kwenye HandBrake, programu ya bure, kabla hazijaingia Resolve. Kwenye ukurasa wa video chagua idadi ya fremu, na uweke alama palipoandikwa Constant Framerate. Klipu zote mbili zipewe namba ileile. Kama zote zilirekodiwa kwa 30, baki na 30, usizishushe 25 sasa, mikono itaonekana inarukaruka. Namna ya kubana video iwe H.264, na kipimo cha ubora kinachoitwa RF kiwe 18 hivi. Namba hiyo ikipungua, picha inakuwa bora na faili linakuwa kubwa. Halafu fungua mradi mpya Resolve. Ukiburuta klipu ya kwanza, ikikuuliza kama ibadilishe mwendo wa mradi ufanane na klipu, kubali. Swali hilo watu hulipita mbiombio, na mradi ukishapokea klipu si rahisi tena kuurekebisha.

Sasa lipo tatizo jingine la wakati, na hili hakuna programu itakayokuambia. Mlikuwa mnaongea kupitia simu, na sauti ya simu huchelewa njiani. Ukisema "Haya!" Mombasa, kamera yako inaisikia papo hapo. Kamera ya Maskati inaisikia ikitoka kwenye spika, pengine nusu sekunde baadaye. Dada akijibu, kamera yake inasikia papo hapo, yako inachelewa. Maana yake ni kwamba hakuna neno hata moja kati ya yote mliyosema lililofika kwenye kamera zote mbili kwa wakati mmoja. Ukilinganisha klipu kwa sauti yako, umemvuta dada mbele kuliko alivyokuwa. Ukilinganisha kwa sauti yake, umemchelewesha. Na kile kitufe cha kulinganisha sauti chenyewe, ambacho programu nyingi zinacho, kitachagua moja kati ya hayo mawili bila kukuambia ni lipi.

Hili nilijifunza kwa uchungu, kwenye video ya harusi. Nikah ilisomwa msikitini, bibi harusi yuko nyumbani na wanawake wenzake, simu iko spika pande zote mbili. Nilikuwa na kamera msikitini na kamera nyumbani. Nikataka watazamaji waone yote mawili pamoja: bwana harusi akitamka "nimekubali", na uso wa bibi harusi akilipokea neno hilo. Kwa kulinganisha klipu nilitumia vigelegele, kwa sababu vilikuwa na mawimbi makubwa ya sauti, rahisi kuyaona. Vigelegele vilipigwa nyumbani na vikasikika msikitini kupitia simu, vimechelewa. Kwa hiyo nyumba nzima niliisukuma nyuma, na juu yake kuna kuchelewa kwa neno lenyewe lilipokuwa likienda nyumbani. Matokeo yake, bwana harusi anasema "nimekubali", na bibi harusi anakaa zaidi ya sekunde nzima akiwa uso mkavu, ndipo anatabasamu. Familia ilipoiona, mama mmoja mtu mzima akauliza mbona mtoto alisita. Hakusita. Nilimsitisha mimi. Nilirudia kazi ile usiku uleule, na tangu hapo hesabu ifuatayo siiruki.

Tafuta neno lako moja lenye mwanzo mkali, kama lile "Haya!", kwenye klipu zote mbili. Zilinganishe kwa neno hilo, mawimbi yakutane fremu kwa fremu. Kisha sogea mbele utafute neno la dada lenye mwanzo mkali vilevile. Utaliona kwanza kwenye klipu yake, halafu mwangwi wake kwenye klipu yako. Hesabu fremu zilizo katikati. Tuseme ni 20. Hizo 20 ni safari ya kwenda na kurudi: kuchelewa kwa sauti yako ukijumlisha na kuchelewa kwa sauti yake. Chukua nusu, 10, na uisogeze klipu ya Maskati kulia fremu 10. Ndani ya Resolve, ukishaichagua klipu, kitufe cha nukta huisogeza fremu moja kulia na cha koma huirudisha kushoto, kwa hiyo ni kubonyeza nukta mara kumi. Hapo mmekaa kwenye saa moja, au karibu nayo sana, kwa kuwa kwenda na kurudi kwa sauti huwa hakupishani kwa mengi.

Nenda dakika ya kumi ukapime tena kwa maneno mengine mawili; kila neno linapaswa kuchelewa fremu 10 hivi kwenye klipu ya mwenzake. Ukipishana fremu mbili tatu, achana nazo, laini yenyewe hubadilika. Ukikuta imefika 30 au 40, bado mwendo wa fremu una tatizo; au urudi HandBrake, au ukate klipu mahali mlipokaa kimya mkikanda unga, uisogeze kuanzia hapo. Mkato wa mahali penye kimya hakuna atakayeuona.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye visanduku. Moja kufunika nyingine si kosa lako. Ndivyo treki, yaani matabaka ya video, zinavyofanya kazi: ya juu huifunika ya chini kama leso iliyotandikwa juu ya meza. Kazi yako ni kuikunja ile leso nusu. Weka klipu yako treki ya chini, V1, na ya dada V2 juu yake. Mimi ningekuweka wewe kushoto na yeye kulia, kwa sababu ukitazama ramani, Maskati iko kaskazini mashariki ya Mombasa, na mtu wa Pwani anayo ramani hiyo kichwani hata kama hajaifungua. Lakini kuna jambo linaloweza kuipindua hiyo, nitalifikia.

Skrini ya kawaida ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Nusu yake ni 960 kwa 1080, umbo linalokaribia mraba, refu kidogo kwenda juu. Klipu yako nayo ni 1920 kwa 1080. Ukiipunguza mpaka upana wake uenee kwenye 960, kimo kinashuka nacho hadi 540, na zinabaki 270 juu na 270 chini hazina kitu. Huo ndio weusi unaouona. Kwa hiyo usipunguze. Sogeza, kisha ukate.

Bofya klipu yako ya V1, fungua Inspector, paneli ya mipangilio ya klipu iliyo upande wa kulia, na kwenye Position X andika −480. Picha yako imesogea kushoto, na katikati yake sasa iko katikati ya nusu ya kushoto. Bofya klipu ya dada ya V2, Position X iwe 480. Sasa shuka kwenye Cropping, na Crop Left iwe 480. Basi. Ukingo wa kushoto wa dada umekatwa mpaka katikati ya skrini, na wewe umeonekana. Kingo za nje hazina haja ya kukatwa kwa kuwa zimeshatoka nje ya skrini, na upande wako wa kulia hauna haja kwa kuwa dada ameufunika. Nimeona watu wakikata kingo nne ambapo ukingo mmoja ulitosha, kisha wanashangaa kwa nini kurekebisha ni kazi.

Hiyo ni kama kila mmoja alisimama katikati ya fremu yake. Kama dada alisimama pembeni kidogo, na sehemu unayoitaka inaanzia pikseli ya 300 kutoka kushoto kwake, basi Crop Left iwe 300 na Position X iwe 660. Kwa klipu ya kulia namba mbili hizo lazima zijumlishe 960, wewe chagua moja na nyingine itajileta. Kwa klipu ya kushoto ni rahisi zaidi: Position X ni ile namba unayotaka kuanzia, ikiwa na alama ya kutoa. Hesabu hizi ni za Zoom ikiwa 1. Ukikuza picha, acha hesabu, vuta Crop Left kwa jicho mpaka ukingo ufike katikati.

Siku ukihamia programu nyingine usizibebe namba hizi kichwani, maana kila programu ina mahali pake pa kuanzia kuhesabu. Resolve huhesabu kutoka katikati ya skrini, ndiyo maana tunapata −480 na 480. Premiere Pro huhesabu kutoka pembe ya juu kushoto, hivyo klipu ya kushoto hukaa 480 na ya kulia 1440, zote zikiwa 540 kwa kimo, na ukataji wake ni wa asilimia: 25 badala ya pikseli 480. Kwenye Kdenlive unayoandika ni mahali pembe ya picha inapokaa, kwa hiyo unarudi tena kwenye −480 na 480. CapCut ya simu haitaki namba. Klipu ya pili unaiweka kama tabaka la juu na unaikata kwa kidole. Kwa sanduku nne au sita, Resolve ina zana iitwayo Video Collage inayopanga gridi yenyewe, lakini kwa watu wawili sioni haja yake.

Ukitaka mstari kati yenu, weka rangi tupu treki ya chini kabisa, kata ukingo wa dada pikseli 4 zaidi, na ukingo wako wa kulia nao ukatwe uishie pikseli 4 kabla ya katikati, yaani kwako Crop Right iwe 484. Mstari wa pikseli 8 unatosha. Uwe mweupe au mweusi, usiowaka na usiosogea. Fremu za maua na kumetameta huwavuta watazamaji mbali na nyuso zenu, na nyuso zenu ndizo sababu ya video hii.

Sasa lile jambo la kuipindua ramani. Tazama macho. Mtu wa kushoto akiwa anatazama kushoto na wa kulia anatazama kulia, mtaonekana kama ndugu waliogombana, kila mmoja amempa mwenzake kisogo. Mtu wa kushoto atazame kulia, wa kulia atazame kushoto. Kama mlielekea kinyume, badilishaneni pande, ramani iende zake. Lakini usikubali ushauri wa kuigeuza picha kama kwenye kioo. Nimeuona ukitolewa mara nyingi, na kwa video ya mapishi ni ushauri mbaya. Maandishi kwenye mfuko wa unga yatasomeka kinyumenyume, na zaidi ya hayo, dada yako ataonekana anaonja tui na kumpa mtu hamri kwa mkono wa kushoto. Kwetu hilo linaonekana kabla ya kitu kingine chochote, na si haki kumpa mtu aibu ambayo hakuifanya.

Kuna jambo jingine ambalo likifanywa vizuri video hubadilika kabisa, nalo ni meza. Kila mmoja wenu amesimama nyuma ya meza au kaunta yake. Tazama ukingo wa meza yako unapofika katikati ya skrini, na ukingo wa meza ya dada unapoanzia. Vikipishana, tunaona picha mbili zilizobandikwa. Vikikutana, tunaona meza moja ndefu inayoanzia Mombasa na kuishia Maskati, na nyinyi mmesimama nyuma yake pamoja. Kuvifanya vikutane, kuza kidogo ile klipu ambayo mtu yuko mbali zaidi, Zoom 1.05 au 1.1, usivuke hapo sana kwani picha itaanza kulegea, halafu tumia Position Y kuishusha au kuipandisha. Kwenye Resolve namba ya Y ikiongezeka picha hupanda. Ukilazimika kuchagua kati ya meza kukutana na macho kuwa kimo kimoja, chagua meza. Watu wana urefu tofauti na hakuna anayeshangaa, ila meza iliyovunjika katikati inamsumbua kila mtu hata asipojua kinachomsumbua.

Rangi nayo. Jikoni kwako pengine kuna taa nyeupe ya mrija, kwake taa ya manjano. Kila picha peke yake iko sawa. Zikikaa pamoja, mmoja anaonekana mgonjwa. Bahati nzuri nyote mna kipimo kileile mezani: unga. Simamisha video pale ambapo unga umemwagwa kwenye sinia kabla haujatiwa tui, na urekebishe joto la rangi la klipu moja mpaka unga wa pande zote mbili uwe mweupe wa aina moja. Anza na mwangaza, kisha rangi, maana picha yenye giza hudanganya kuhusu rangi yake. Mkifika kwenye unga mmefika na kwenye ngozi, mara nyingi hakuna zaidi cha kufanya.

Sauti usiiache kama ilivyo. Kila klipu ina sauti ya mwenyewe na mwangwi wa mwenzake kutoka kwenye spika ya simu, kwa hiyo ukiacha zote wazi kila neno litasikika mara mbili. Wewe ukiongea, punguza sauti ya klipu ya dada. Yeye akiongea, punguza yako. Usiizime kabisa, acha mafuta yachemke kwa mbali upande wa pili, sikio likikosa sauti ya chumba ghafla linastuka. Mkicheka pamoja, fungua zote mbili. Unaweza pia kuisogeza sauti yako kushoto kidogo na yake kulia kidogo ili masikio yafuate macho, lakini kidogo tu. Wapo wengi wanaotazama wakiwa na kisikilizio kimoja sikioni, na ukimweka dada kulia moja kwa moja, waliovaa cha kushoto hawatamsikia.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo ninalolijali kuliko yote. Usigawe skrini kwa dakika zote. Mwaka 1913 huko Marekani, kwenye filamu iitwayo Suspense, mwongozaji Lois Weber alitaka kuonyesha mke aliyebaki nyumbani na mtoto mchanga, mume yuko kwenye simu, na mvamizi anaingia. Akaikata fremu kwa mistari ya mshazari na kutuonyesha wote watatu kwa mara moja. Aliigawa kwa sababu yote matatu yalikuwa yanatokea sekunde ileile na kila moja lilikuwa linalitia uzito jingine. Hiyo bado ndiyo sababu pekee nzuri ninayoijua. Macho mawili hayatazami mahali pawili. Mtazamaji atachagua upande mmoja na kuukosa mwingine, na baada ya dakika tano za kuchagua anachoka.

Kwa video yenu ningeanza na wewe skrini nzima, unapima unga na iliki. Simu inaita. Unapokea, na hapo dada anaingia kutoka kulia. Hilo ni rahisi: klipu yako Position X itoke 0 iende −480, ya dada itoke 1440 ije 480, zote kwa fremu 15, kwa kuweka alama za almasi zilizo pembeni ya namba mwanzoni na mwishoni mwa mwendo. Mkisalimiana, kaeni pamoja. Mkianza kukanda, nenda kwa mmoja mmoja skrini nzima, tuione mikono. Dada akieleza kwamba nazi ya Maskati ni ya kopo na wewe unakuna yako kwa mbuzi, zirudi zote mbili, kwa sababu hapo tofauti yenyewe ndiyo habari: kopo linafunguliwa kulia, mbuzi inakuna kushoto. Unga ukiachwa uumuke, kata.

Na wakati wa kukaanga uwe pamoja bila kukatika. Hamri likitiwa kwenye mafuta linazama, linakaa kimya kidogo, kisha linapanda na kujaa upepo kama shavu la mtoto. Hilo likitokea pande zote mbili ndani ya sekunde chache, hutahitaji muziki wala maandishi. Utashawishika kuisogeza klipu moja ili mahamri yafure kwa pamoja kabisa. Kiufundi ni rahisi, na kwa tangazo la biashara ningefanya. Kwa nyinyi nisingefanya. Acha lako livimbe kwanza na dada ashangilie, halafu lake lichelewe na nyote mlisubiri. Muda ule mliongoja pamoja mkiwa mbali ulitokea kweli, na ukisogeza klipu unaufuta.

Laptopu yako ikianza kukwama, usiogope, inacheza video mbili kwa mara moja. Kwenye menyu ya Playback kuna Timeline Proxy Resolution, ambayo matoleo mapya huiita Timeline Playback Resolution. Iweke nusu au robo, ubora wa video ya mwisho haubadiliki. Ukimaliza toa H.264, 1920 kwa 1080, kwa mwendo uleule wa mradi, na uitazame kwenye simu kabla hujaituma kwa mtu. Ukitaka toleo la TikTok, usiwabane upande kwa upande, mtakuwa vipande viwili vyembamba vya 540. Fungua taimlaini ya 1080 kwa 1920 na mkae juu na chini, kila mmoja 1080 kwa 960. Mwenye kutazama chini akae juu, ili aonekane anamtazama mwenzake.

Mkirekodi tena, kabla ya kusema lolote kila mmoja aielekeze kamera kwenye saa ya intaneti yenye sekunde, kwa sekunde tano, na hesabu yangu yote ya "Haya!" hutaihitaji. Simu zote mbili ziwekwe fremu 25 kama zinaruhusu, kwa kuwa umeme wa Kenya na wa Oman ni hertz 50 na taa za jikoni huonekana zikipepesa kwenye 30. Kila mmoja aache nafasi tupu pande zote mbili za mwili wake, kwa sababu nusu ya upana wa picha itakatwa. Na mwambie dada ailaze simu ya kurekodia kwa kimo cha meza yake, wewe ufanye hivyohivyo. Pima kwa rula, mpeane namba kwa simu.